Kitendawili cha Magemu: Je, ni Haki Kumpima Rafiki?



Leo naanza na maswali matano. Tafadhali usikimbilie kutafuta majibu mtandaoni, jaribu kichwani kwanza.

Moja. Kabla hajaitwa Mario, yule jamaa mwenye masharubu na kofia nyekundu aliitwa nani, na alikuwa na kazi gani?

Mbili. Katika Space Invaders, kwa nini wavamizi wanazidi kwenda mbio kadiri unavyowapunguza?

Tatu. Ukicheza Pac-Man bila kufa, ni hatua ya ngapi ambapo nusu ya picha inavurugika na gemu haliendelei tena?

Nne. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Nani alitunga siri hii, na kwa nini?

Tano. Ni gemu gani la Atari ambalo mtunzi alificha jina lake mwenyewe katika chumba cha siri?

Umepata mangapi? Kama umepata yote matano, hongera, najua sasa hivi unatabasamu. Kama hujapata hata moja, huenda umeshaanza kufikiri, "Aa, makala hii si ya watu kama mimi," na kidole kinakaribia kufunga ukurasa. Subiri kidogo, ndugu yangu. Kile kitu kilichopita moyoni mwako, iwe ni tabasamu au ni kujisikia umeachwa nje, ndicho ninachotaka tukitazame pamoja.

Maana maswali ya namna hii yamejaa siku hizi. Yapo kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana, yapo kwenye safari za hija tukiwa ndani ya basi, na yapo hata kwetu mafrateri wakati wa rekriesheni baada ya chakula cha usiku. Mmoja anaanza: "Wewe nawe unajiita mtu wa magemu? Haya, tutajie..." Wengine wanakaa sawa kwenye viti. Swali langu ni hili: je, ni haki kumpima rafiki hivi? Na tunapompima, tunapima nini hasa?

Kucheza si dhambi, na kujua si dhambi

Najua kuna atakayesema, "Frateri, umemaliza digrii ya falsafa na hili ndilo swali ulilotuletea?" Ndiyo, ndilo. Tena sikuwa wa kwanza. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, ambaye hakuna anayemfahamu kama mtu wa mizaha, alitenga sehemu katika Summa Theologiae kujiuliza kama ipo fadhila inayohusu michezo. Akajibu kwamba ipo.

Humo anasimulia habari iliyopokewa kutoka kwa wazee wa zamani wa jangwani. Watu walimkuta Mtume Yohane akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, arushe mshale. Akarusha. Akamwambia arushe tena, na tena, na tena. Kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo siku zote. Yule mtu akasema hapana, upinde ungevunjika. Yohane akamwonyesha kwamba roho ya binadamu nayo iko vilevile, isipolegezwa kamwe inakatika. Thomaso anakwenda mbele zaidi na kusema kwamba hata mtu asiyependa mchezo wowote, anayewaharibia wenzake furaha yao, naye ana kasoro ya maadili. Kwa hiyo wale ndugu zetu wenye kununa kila wakicheka wengine, nao wana la kuungama!

Basi sina ugomvi na magemu, wala na kukumbuka habari zake. Kuna utamu wa kweli katika kujua mambo madogo. Jibu la swali la kwanza: katika Donkey Kong ya mwaka 1981, gemu alilolitunga Shigeru Miyamoto wa Nintendo, Mario alijulikana kama Jumpman, yaani mtu wa kuruka. Na hakuwa fundi bomba. Alikuwa seremala, kama Mtakatifu Yosefu. Ufundi bomba aliuanza katika Mario Bros. ya mwaka 1983.

Jibu la pili ni tamu zaidi. Space Invaders ilitoka mwaka 1978 katika kampuni ya Taito ya Japani, na mtunzi wake ni Tomohiro Nishikado. Wavamizi ni 55 mwanzoni. Kompyuta ya mashine ile ilikuwa na nguvu ndogo, hivyo kuwachora wote 55 kuliichelewesha. Kila unapompiga mmoja, mzigo wake unapungua, na wanaobaki wanasogezwa haraka zaidi. Nishikado aliliona hilo, akaamua kuliacha kama lilivyo. Ule woga unaokushika anapobaki mvamizi mmoja anayekimbia kama mwendawazimu ulitokana na udhaifu wa mashine.

Ukiyajua haya unafurahi, na furaha hiyo ni halali kabisa. Aristotle anafungua kitabu chake cha Metafizikia kwa wazo kwamba binadamu kwa maumbile yake anatamani kujua. Mungu ndiye aliyetuumba hivyo.

Lakini Thomaso huyohuyo anatofautisha bidii njema ya kujua na udadisi ulioharibika. Kitu kinachojuliwa chaweza kuwa kilekile. Kinachoharibika ni nia na namna, kwa mfano mtu anapotafuta ukweli ili apate cha kujivunia. Ukweli unabaki ukweli, ila mkononi mwake umekuwa fimbo.

Kujua kwa aina tatu

Kiswahili chetu kina neno moja, "kujua", na tunalibebesha mizigo mitatu tofauti. Nasema "najua kwamba Dodoma ni makao makuu." Hiyo ni habari. Nasema "najua kupika ugali." Huo ni ujuzi wa mkono, na mtu anaweza kuwa nao bila kueleza hata sentensi moja. Halafu nasema "namjua mama yangu." Hapo siongelei habari wala ujuzi. Naongelea mtu niliyeishi naye.

Maswali ya magemu yanapima aina ya kwanza peke yake, ile ya habari. Shida inaanza pale tunapochukua matokeo ya aina ya kwanza tukahukumu kwayo aina ya pili na ya tatu. "Hujui gemu lilitoka mwaka gani, kwa hiyo hujui kucheza." "Hujui jina la mtunzi, kwa hiyo hulipendi kweli, unajifanya tu." Kwa mtu aliyesoma mantiki hata muhula mmoja, hiyo "kwa hiyo" haina miguu ya kusimamia. Bibi yako hajui mwaka ilipojengwa parokia yenu. Je, hajui kusali?

Tuna mfano katika Injili ambao mara nyingi tunaupita haraka. Katika sura ya nane ya Marko, wanafunzi wako ndani ya chombo wakihangaika kwamba wamesahau mikate. Bwana anawauliza maswali mawili ya kumbukumbu: alipowalisha wale 5,000, waliokota vikapu vingapi vya vipande? Wanajibu, kumi na viwili. Na alipowalisha wale 4,000? Saba. Majibu yote mawili ni sahihi, wamepata mawili kwa mawili! Halafu Yesu anashangaa kwamba bado hawajaelewa.

Hebu likae kidogo hilo. Walikuwepo. Waliibeba ile mikate kwa mikono yao. Idadi ya vikapu waliikumbuka vizuri, na yule aliyekuwa amekaa nao chomboni bado hawakuwa wamemtambua.

Ndugu aliyejua bila kujua jina

Nina rafiki katika malezi, amenipa ruhusa nisimulie hili bila kumtaja. Amekulia kijiji kimoja kando ya ziwa, wakati ambao umeme haujafika huko. Mwenye duka mmoja alikuwa na jenereta, TV ndogo, na mashine ya gemu ya bei rahisi, zile zilizokuja na kaseti ya manjano iliyojaa magemu mengi. Waliokua enzi hizo mnazikumbuka. Imeandikwa idadi kubwa ajabu, ukianza kuhesabu unakuta ni magemu yaleyale yanajirudia. Mtoto alikuwa analipa shilingi hamsini anakaa kwenye mkeka zamu yake ikifika.

Jioni moja kwenye rekriesheni maswali yakaanza. Taja gemu la kwanza ulilocheza. Wengine wakataja: Super Mario Bros., Mortal Kombat, Tekken. Ikafika kwake, akasema, "Mimi ni lile la askari wawili, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, wanapiga risasi wanaruka." Linaitwaje? Hakujua. Lilitoka mwaka gani? Hakujua. Kampuni gani? Watu wakacheka, mmoja akasema, "Huyu alikuwa anachungulia dirishani tu." Wakacheka tena. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Ila kuanzia wiki ile rekriesheni ilipoanza alikuwa anachukua rozari yake anakwenda kutembea uwanjani. Walezi walidhani ameongeza ibada.

Aliniambia ukweli siku nyingine, tukiwa bustanini tunapalilia mchicha. Gemu lile alikuwa akicheza na kaka yake. Kaka ndiye aliyekuwa akibeba magunia ya dagaa mwaloni kupata zile shilingi hamsini za wote wawili. Yeye alikuwa mdogo, hajajua hata kusoma, mwenye duka ndiye aliyekuwa akiwawashia. Alikuwa anakufa haraka sana kwenye gemu. Na gemu lile, akaniambia, lilikuwa na jambo moja: ukiishiwa maisha yako, unaweza kuchukua moja la mwenzako, mkaendelea pamoja. Kaka yake hakuwahi kumkatalia. "Alikuwa ananiambia, chukua, chukua, twende."

Kaka huyo alifariki miaka mingi iliyopita, kabla rafiki yangu hajamaliza shule ya msingi.

Nikamwambia, "Ndugu, lile gemu linaitwa Contra."

Akaacha jembe. Akarudia polepole, "Contra." Miaka yote ile hakuwa na jina la kuliitia.

Sasa nikuulize wewe msomaji. Pale kwenye rekriesheni, nani alikuwa anajua Contra? Aliyejua kwamba ni la Konami, kwamba lilitoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1987 na kwenye NES mwaka uliofuata? Au yule aliyekaa kwenye mkeka na kaka yake akipewa maisha? Naona jibu la haki ni kwamba kila mmoja alikuwa na kipande. Wale wenye habari wangeweza kumpa jina. Yeye angeweza kuwapa jambo ambalo huenda wao hawakuwahi kuliwaza, kwamba ndani ya gemu la risasi mtu anaweza kutoa maisha yake kwa ajili ya ndugu. Maswali yalipangwa kwa namna ambayo hakuna aliyepokea chochote.

Kuna jambo la haki pia hapa, tusilifiche. Habari za magemu ya zamani hazikugawiwa sawa. Kuzijua kulihitaji umeme, mashine, magazeti ya Kizungu, baadaye intaneti. Ukimpima mwenzako kwa mambo hayo, mara nyingi unapima nyumba aliyozaliwa. Unamuuliza swali la magemu, kumbe unamuuliza baba yake alikuwa na kipato gani.

"Lakini Frateri, ni utani tu!"

Hoja hii naiheshimu, maana sisi ni watu wa utani. Watani wanaweza kuambiana maneno msibani ambayo mwingine akiyasema atafukuzwa. Simba na Yanga wanaishi kwa utani. Lakini angalia jinsi utani wetu unavyofanya kazi. Mtani wangu ananisema, na mimi nina haki kamili ya kumsema. Leo kafungwa yeye, kesho nafungwa mimi. Utani ni mchezo wa watu wawili wenye pedi mbili. Ukimnyang'anya mwenzako pedi ukaendelea kucheza peke yako juu yake, hapo utani umekwisha, kumebaki kuchekwa.

Mtume Paulo alikutana na kesi kama hii kule Korintho. Kulikuwa na Wakristo waliojua vizuri kwamba sanamu si kitu, na hivyo nyama iliyotolewa kwa sanamu haina nguvu yoyote. Paulo hakuwaambia kwamba wamekosea. Ujuzi wao ulikuwa sahihi. Aliwaonya kwamba kwa ujuzi huo sahihi walikuwa wanamwangusha ndugu aliye dhaifu, ambaye Kristo alimfia. Kwa hiyo kuwa na jibu sahihi hakumalizi swali la maadili. Linabaki lile la pili: jibu langu limemfanya nini aliye mbele yangu?

Na ajabu ni kwamba magemu yenyewe yanatupinga. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco alitoa Pac-Man. Kumbi za magemu wakati huo zilikuwa za wanaume, zimejaa vita na risasi. Iwatani alitaka gemu ambalo hata wasichana na wachumba wangependa kuingia kulicheza, ndiyo maana akatunga habari ya kula, na mizimu yenye rangi za kupendeza. Gemu lile lilitungwa kuwafungulia mlango waliokuwa nje. Leo tunachukua habari zake tunazifanya kufuli.

Tena Pac-Man anatufundisha unyenyekevu. Jibu la swali la tatu ni hatua ya 256. Mashine ilihifadhi namba ya hatua katika nafasi inayobeba thamani 256 tu, kuanzia 0 hadi 255. Ukifika pale hesabu inazidi, na nusu ya kulia ya picha inajaa herufi na alama zisizoeleweka. Uwe bingwa namna gani, pale unasimama. Kila mjuzi ana hatua yake ya 256. Wewe unayewashinda wote kwa magemu, mwenzako akikuuliza majina ya samaki wa ziwani kwao, picha yako itavurugika palepale.

Bibi zetu walishatufundisha kuuliza

Basi tuache kuulizana? Hapana. Mababu zetu walikuwa na mchezo wa maswali mzuri kuliko wote ninaoujua, nao ni kitendawili. Tuutazame kwa jicho la mwanafalsafa.

Anayeuliza anasema "Kitendawili!" kisha ananyamaza. Hawezi kuendelea mpaka wenzake waseme "Tega!" Yaani lazima wakubali kwanza. Hakuna anayevamiwa na kitendawili njiani.

Kisha anatega. Wenzake wanajaribu, wanakosea, wanacheka pamoja. Wakishindwa, mwenye kitendawili anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, tuseme Tanga. Yeye anaupokea, anasimulia jinsi alivyokwenda Tanga akala akashiba, halafu anatoa jibu. Aliyeshindwa ametoa mji, si utu wake. Na hakuna anayelala bila jibu! Mtu atakayekwenda kulala na jibu lake kifuani akiwaacha wengine gizani, bibi angemkemea.

Mwisho, zamu inahama. Aliyeshindwa sasa naye anatega, na vitendawili vyake vinatoka kwao, kwenye mambo anayoyajua yeye.

Ridhaa, jibu, na zamu. Maswali yetu ya magemu yakiwa na vitu hivi vitatu, ni urafiki mtupu. Yakikosa, tunafanya usaili wa mlangoni.

Nina maswali mawili sijayajibu, na kwa kanuni za kitendawili sina ruhusa ya kuondoka nayo. Tuseme mmenipa Mwanza, nimekula sato nimeshiba.

Jibu la tano ni Adventure, iliyotoka mwaka 1980. Wakati huo Atari haikuwa ikiweka majina ya watunzi kwenye magemu yao. Mtu anafanya kazi miezi mingi peke yake, gemu linauzwa, na hakuna anayemjua. Warren Robinett akatengeneza chumba cha siri. Ili kukifikia lazima uokote kinukta kidogo sana chenye rangi ileile ya mandhari ya nyuma, ukipeleke mahali fulani. Ndani ya chumba kuna maandishi yanayosema ni yeye aliyelitunga. Kijana mmoja wa Marekani alikigundua, na tangu hapo siri za namna hiyo ndani ya magemu zikaitwa mayai ya Pasaka. Unaona? Kukumbuka jina la Robinett kunaweza kuwa tendo dogo la haki, kumrudishia mfanyakazi jina lake. Habari ileile ninayoweza kumpigia rafiki yangu kichwani, naweza kuitumia kumheshimu mtu aliyefichwa. Na jina "Contra" nililompa ndugu yangu bustanini lilikuwa habari ndogo ileile. Lilitolewa tu kama zawadi.

Jibu la nne ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami. Alikuwa anatayarisha Gradius kwa ajili ya mashine ya nyumbani ya Nintendo, ikatoka mwaka 1986. Alihitaji kulijaribu gemu mpaka mwisho, akaona ni gumu mno kwake. Mtayarishaji mwenyewe hakuweza kulimaliza! Akaweka siri ya vibonye inayompa silaha zote, ikabaki humo gemu lilipouzwa. Baadaye Konami wakaiweka na katika magemu mengine. Kwenye Contra, ambako kwa kawaida unaanza na maisha matatu, siri hiyo inakupa maisha 30. Kwa hiyo ukimcheka mtu kwa kushindwa gemu, kumbuka kwamba siri maarufu kuliko zote ilizaliwa kwa sababu mwenye kazi alishindwa na kazi yake.

Nilimweleza rafiki yangu habari hiyo ya maisha 30. Alinyamaza, halafu akacheka vizuri, kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ningeijua, nisingemmaliza kaka maisha yake." Kisha akaniambia namna kaka yake alivyokuwa akipita kwenye maporomoko ya maji, wapi pa kuruka na wapi pa kusubiri, na mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi.

Tunaondoka na nini?

Bwana alipofufuka alimuuliza Petro pale ziwani, mara tatu. Angeweza kumuuliza kuhusu usiku ule, jogoo aliwika mara ngapi, ni nani aliyekuwa mlangoni. Petro angekumbuka yote. Alimuuliza kama anampenda, na kila alipojibu alimpa kazi ya kulisha kondoo. Ni wazi kwamba aliyeuliza alitamani aliyeulizwa apate.

Hapo ndipo ninapoweka kipimo changu, na ninakuachia na wewe. Kabla hujamuuliza rafiki swali la magemu, au la Biblia, au la mpira, jiulize kwa sekunde moja: natamani apate, au natamani akose? Kama unatamani apate, uliza, hata maswali mia. Kama unatamani akose, nyamaza kwanza. Huo ni mtego, na Mafarisayo waliokuja na sarafu ya Kaisari nao walikuwa na swali zuri tu.

Wiki hii, katika jumuiya yako ya vijana au bwenini kwako, kuna mmoja ambaye maswali yakianza anachukua simu yake anatoka nje. Unamjua. Mfuate. Usimuulize gemu lilitoka mwaka gani. Muulize alikuwa anacheza nini utotoni, na alikuwa anacheza na nani. Halafu kaa chini usikilize.

Tuombeane. Na wewe uliyepata yote matano, zamu yako imefika: ni nani wa kumpa majibu hayo leo?